Dari ya jipsamu imevuja na chumba kinahitaji kugawanywa: nimpateje fundi anayeijua kazi?

MamaNuru_Goba ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu na kazi za jipsamu kabla sijatoa fedha.

Nyumba yetu ipo Goba, Dar es Salaam, imeezekwa kwa mabati, na dari ya sebuleni ni ya bodi za jipsamu zilizofungwa kwenye fremu ya mbao. Mvua za masika zimetuachia madoa mawili ya rangi ya chai kwenye kona ya dirishani, moja likiwa na upana wa kama nusu mita, na katikati ya doa hilo bodi imeanza kushuka, kiasi kwamba ukisimama mlangoni ukaitazama dari kwa ubavu unaona kabisa tumbo. Aidha, kiungio kinachopita karibu na feni kimefanya ufa mwembamba ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta.

Nimeita mafundi wawili na majibu yao yamenichanganya. Wa kwanza anasema dari yote ing'olewe, anataka bei moja ya jumla inayojumuisha vifaa na ufundi, na anahitaji nusu ya fedha kabla hajaleta hata ngazi. Wa pili anasema atakata sehemu iliyoharibika tu, anatoza ufundi kwa mita ya mraba, na vifaa nitanunua mwenyewe kwa orodha atakayoniandikia. Wote wawili walitazama juu wakiwa wamesimama sebuleni. Hakuna aliyepanda darini.

Pamoja na hilo, tunataka kugawa chumba cha watoto kwa ukuta wa jipsamu wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, wenye mlango mmoja, ili kijana wetu na dada zake wawe na vyumba tofauti. Mume wangu anasema kuta za namna hiyo ni za maofisini, kwamba hazibebi rafu ya vitabu na kwamba mtu akikohoa huku anasikika kule. Je, kati ya mafundi hawa nimsikilize yupi, na niwaulize mambo gani ili nijue kama kazi hii wanaijua au wanaibahatisha?

FundiDari_Tabata amejibu:

Mama Nuru, pole kwa usumbufu. Kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo wenzangu wengi hulikwepa: fundi anayetaja bei ya dari iliyovuja bila kupanda juu yake bado hajajua anauza kazi gani. Maji hayaangukii pale yalipoingilia. Yanaingia kwenye tundu la msumari ambao mpira wake umekufa kwa jua, yanatambaa juu ya mbao ya kenchi mita mbili au tatu, kisha yanadondoka mahali mbao ilipokutana na nyingine. Mkibadilisha bodi bila kuziba hilo tundu, mvua za vuli zitawaandikia doa jipya juu ya rangi mpya.

Chagueni siku ya jua kali, mtu mmoja apande darini na kuzima tochi. Matundu ya mabati yatajionyesha yenyewe kwa mwanga. Kama hayaonekani, chukueni mpira wa maji na kumwagia bati kuanzia chini kwenye ukingo, mkipanda juu sehemu kwa sehemu, huku mwingine akiwa ndani na tochi. Mkianza kumwagia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua tundu ni lipi. Angalieni pia gata kama limejaa majani na kurudisha maji ndani ya ukingo wa paa, angalieni sehemu mbili za paa zinapokutana na kufanya bonde, na kama mna tangi la maji juu, angalieni maungio ya bomba lake. Tena msisahau popo. Mikojo ya popo huacha madoa yanayofanana sana na ya mvua, na nimeona watu wakibadilisha mabati mazima kwa sababu yao. Harufu ndiyo inayowaumbua.

Sasa tuje kwenye bodi. Jasi, yaani jipsamu yenyewe, kwa asili yake hubeba maji ndani ya fuwele zake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na ndiyo maana bodi hizi huchelewa kushika moto. Maji ya ziada ni habari nyingine: yanailegeza jasi na kuibandua karatasi inayoipa bodi nguvu. Bodi iliyokwisha kushuka tumbo hairudi, hata ikikauka, na wala usikubali fundi aisukume juu na kuipigia skrubu za ziada, kwa sababu skrubu hizo zitakuwa zimeshika unga. Bonyeza kwa kidole gumba kuanzia katikati ya doa kuelekea nje. Panapobonyea pakatwe. Panapobaki pagumu, pakavu, bila ukungu, pabaki, ila papakwe kwanza praima ya mafuta ya kuzuia madoa, kwa kuwa ukipaka rangi ya maji moja kwa moja doa litapenya na kurudi juu hata ukirudia mara tatu.

Kwa maelezo yako, naona fundi wa pili yuko karibu zaidi na ukweli. Kung'oa dari yote kuna maana kama mbao za fremu zimeoza au zimeliwa na mchwa, au kama aliyeijenga alitumia bodi nyembamba za milimita 9 na kuacha nafasi kubwa kati ya mbao, kwa sababu dari ya hivyo itaendelea kushuka tumbo hata isipovuja. Hilo nalo linaonekana ukiwa juu tu.

Kiraka kinachofaa hukatwa kwa pembe nne zilizonyooka, si kwa duara la kufuata doa. Kingo zake ziishie katikati ya mbao za fremu ili bodi ya zamani na bodi mpya zote zipate mahali pa kushikwa. Pasipo na mbao, iongezwe mbao nyuma kabla ya kufunga. Bodi mpya iwe na unene uleule wa zamani. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu chini ya uso wa karatasi bila kuichana, maana karatasi ndiyo inayoshika. Ikichanika, skrubu hiyo haihesabiki na nyingine ipigwe pembeni. Baada ya hapo ni utepe wa faiba, poda ya jipsamu kwa awamu tatu, kila awamu ikipanuka kupita iliyotangulia na ikiachwa ikauke, ndipo msasa.

Kuhusu ufa wa karibu na feni, nina shaka na feni yenyewe. Feni haipaswi kuning'inizwa kwenye fremu ya dari, bali kwenye mbao za kenchi au kwenye mbao nene iliyovushwa kati ya kenchi mbili. Ikining'inia kwenye fremu, kila inapozunguka inatikisa viungio, na utepe wowote utakatika. Fundi umeme aishushe, muone imeshikwa na nini, kabla hamjagusa ufa.

Mwenyeji_Nyali amejibu:

Mama Nuru, salaam kutoka Mombasa. Nina nyumba za kupangisha na nimeshughulika na mafundi wa jipsamu kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu upande wa kumchagua mtu.

Usiridhike na picha za kwenye simu, kwani picha ya kazi iliyomalizika jana haikuambii lolote na wakati mwingine si kazi yake. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoifanyia kazi kabla ya masika yaliyopita, yaani kazi iliyokwisha kupitiwa na mvua, joto na feni. Ukifika, subiri jioni au funga mapazia, kisha weka tochi ya simu karibu kabisa na ukuta au dari na uimulike kwa ubavu. Viungio vibaya vitatoka kama matuta na vichwa vya skrubu kama vipele. Mwenye nyumba akikuruhusu, muulize jambo moja tu: je, fundi alipoitwa kurekebisha kitu baada ya kulipwa, alirudi?

Kisha muulize fundi maswali ambayo majibu yake hayawezi kubahatishwa. Chaneli, yaani vyuma vyembamba vya fremu ya ukuta, atazisimamisha kwa umbali gani? Jibu sahihi ni sentimita 40 au 60, na ajue sababu, kwamba bodi ina upana wa mita 1.2 na ni lazima kingo zake ziangukie katikati ya chaneli. Akisema "inategemea", mwache aeleze inategemea nini. Viungio vya mlalo atavipanga vipi? Anapaswa kusema kwamba havitakuwa kwenye mstari mmoja. Kwenye kona ya mlango atakata bodi namna gani? Fundi anayeijua kazi atakwambia ataikata kwa umbo la pembe ili bodi moja izunguke kona, kwa sababu kiungio kikiangukia hasa kwenye kona ya fremu ya mlango, kila mlango unapobamizwa ufa unapanda juu kutoka hapo.

Vyeti vina nafasi yake, ingawa mimi siviweki mbele ya kazi inayoonekana. Huku Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wakandarasi na pia huwatambua mafundi wenye ujuzi. Kwenu Tanzania, VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutoa mafunzo na vilevile hupima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, kwa hiyo asiye na cheti si lazima awe mbabaishaji, lakini anayedai kuwa nacho akuonyeshe.

Neno la mwisho kwa sisi wa pwani: skrubu nyeusi za kawaida na chaneli nyembamba za bei rahisi hushika kutu kwa chumvi ya hewani, na kutu hupenya hadi juu ya rangi. Goba si ufukweni, lakini kama una jamaa wa Kigamboni au Kunduchi anayesoma hapa, adai chaneli na skrubu zilizopakwa zinki.

Mkadiriaji_Morogoro amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naona suala la bei limepitwa haraka. Bei ya jumla na bei ya mita ya mraba zote ni halali. Tatizo la bei ya jumla ya fundi wako wa kwanza ni kwamba huwezi kuiona ndani. Hujui kama amekuhesabia bodi za milimita 9 au 12, wala chaneli ngapi. Tatizo la bei ya mita ni kwamba ukuta una pande mbili, na watu hugombana mwishoni kwa sababu mmoja alihesabu mita 12 na mwingine 24. Ulizeni mapema kabisa: mita ya mraba ya ukuta au ya bodi?

Tufanye hesabu ya ukuta wenu. Mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12, na kwa pande mbili ni 24. Bodi ya kawaida ya mita 1.2 kwa 2.4 ina mita za mraba 2.88, kwa hiyo mnahitaji bodi 8 na theluthi moja, yaani 9, na kwa kuwa kimo chenu kinazidi urefu wa bodi na vipande vitakatwa, nunueni 10. Mlango msiutoe kwenye hesabu; eneo lake litafidia mabaki. Chaneli za kusimama kwa umbali wa sentimita 40 zitakuwa 11, na mbili za nyongeza za kuimarisha pande za mlango ni 13. Skrubu, zikipigwa kila sentimita 20 kwenye kingo na kila sentimita 30 katikati, hazitazidi sana 45 kwa bodi moja. Orodha ya fundi ikija na bodi 16, muulize kwa upole sita za ziada zinakwenda wapi.

Vifaa nunueni wenyewe, mkiwa na fundi, na mdai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye jina lenu. Hapo hakuna sababu ya kutoa nusu ya fedha kabla ya kazi, kwa kuwa kilichobaki ni ufundi, na ufundi hulipwa unapofanyika. Mimi ningeugawa hivi: sehemu ya kwanza fremu ikisimama na kukaguliwa, ya pili bodi zikishafungwa, ya tatu viungio vikikauka na kupigwa msasa, na iliyobaki baada ya kumulika ukuta kwa tochi kama alivyoeleza ndugu wa Nyali. Sehemu ndogo ya malipo ya dari ibaki mikononi mwenu hadi mvua za vuli zipite.

Mkataba hauhitaji wakili. Karatasi moja inatosha, yenye majina, namba za vitambulisho, saini za pande mbili na shahidi, na wengine huenda kuisainia mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kilicho muhimu ni sentensi zinazopimika. Kwa mfano: "Fundi atafunga bodi za milimita 12 kwenye chaneli zilizosimama kila sentimita 40, na hatafunika upande wa pili wa ukuta kabla mwenye nyumba hajaona fremu, nyaya za umeme na mbao za kubebea rafu." Sentensi hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa "kazi itafanywa kwa ubora wa hali ya juu".

FundiDari_Tabata amejibu:

Mkadiriaji, hesabu yako naiheshimu, lakini hapo pa kuzuia fedha hadi vuli zipite sikubaliani nawe. Kama aliyeziba paa ni mtu mwingine na paa likavuja tena, kwa nini mimi niliyefunga bodi nikose haki yangu? Fedha izuiwe kwa yule aliyeziba paa, au kazi zote mbili apewe mtu mmoja na aandikiwe hivyo tangu mwanzo. Mafundi wazuri huikimbia kazi yenye sharti la namna hiyo, na anayelikubali haraka mara nyingi ni yule ambaye ameshaipandisha bei ili hicho kinachozuiwa kisimuume.

Bukavu_Louisville amejibu:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, ninaishi Louisville, Kentucky, na kazi yangu ni kumalizia viungio vya kuta za jipsamu. Huku Marekani nyumba nyingi za kuishi zina kuta hizi kila chumba, hivyo wasiwasi wa mume wa Mama Nuru kwamba ni kuta za ofisini nadhani unatokana na namna zinavyojengwa huko zaidi kuliko ukuta wenyewe.

Huku umaliziaji umepangwa kwa viwango kuanzia 0 hadi 5, na vinaandikwa kwenye mapatano. Kiwango cha 4 ni viungio vyenye utepe na tabaka za kutosha kwa rangi isiyong'aa. Cha 5 ni kupaka tabaka jembamba juu ya uso wote, kazi ambayo inafanana na skimu yenu, na huhitajika pale rangi inapong'aa au mwanga wa dirisha unapopita kwa ubavu juu ya ukuta. Jambo hili linakuhusu, Mama Nuru, kwa kuwa doa lako lipo dirishani: kiraka ambacho kingeonekana safi kabisa katikati ya chumba kitaonekana kibaya hapo dirishani. Mwombe fundi apige skimu bodi nzima ya kona hiyo, si mzunguko wa kiraka peke yake.

Kuhusu sauti, ukuta wenye bodi moja kila upande na utupu katikati utapitisha mazungumzo, mume wako anasema kweli. Dawa ni pamba ya madini au ya kioo kati ya chaneli, na mkiweza, bodi mbili upande mmoja, viungio vya ya pili visiangukie juu ya viungio vya ya kwanza. Swichi na soketi za vyumba viwili zisipeane mgongo kwenye nafasi moja. Halafu kuna njia ambayo wengi huisahau: ukuta ukiishia kwenye dari ya jipsamu, sauti hupanda juu ya dari ya chumba kimoja na kushukia chumba cha pili. Mkishindwa kuupandisha ukuta hadi karibu na bati, angalau tandazeni pamba hiyo juu ya dari kwa upana wa mita moja kila upande wa ukuta.

Nina swali kwa fundi wa Tabata: kwa nini utepe wa faiba? Sisi hutumia wa karatasi kwenye viungio vingi, kwa sababu wa faiba hupasuka kirahisi zaidi.

FundiDari_Tabata amejibu:

Ndugu wa Louisville, tofauti ipo kwenye kinachopakwa juu yake. Ninyi mnatumia sana ile iliyokwisha kuchanganywa kwenye ndoo, ambayo hukauka kwa kupoteza maji, na hiyo ikiwekwa juu ya faiba hainipi imani hata mimi. Hapa tunakoroga poda ya jipsamu na maji, nayo hukaza yenyewe ndani ya dakika chache na kuwa ngumu, na faiba hushikana nayo vizuri. Ila kwa kiungio cha ncha kwa ncha, pale bodi zilipokatwa na hakuna mbonyeo wa kiwandani wa kuficha utepe, nakubali kwamba karatasi ni bora.

Kwa sababu hiyohiyo ya kukaza, Mama Nuru, ukimwona fundi anaongeza maji kwenye poda iliyokwisha kuanza kuganda na kuikoroga upya ili isipotee, msimamishe. Hiyo haitashika tena. Mchanganyiko mdogo mdogo ndiyo mwendo wake, japo saidia fundi hachoki kulalamika.

MamaNuru_Goba ameandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Tulifanya kama alivyoeleza fundi wa Tabata. Kijana wetu alipanda darini na tochi, na matundu yalionekana mawili, yote ya misumari iliyopoteza mipira, yakiwa mbali kabisa na doa kwa upande wa juu wa mteremko. Feni nayo imekutwa imefungwa kwenye mbao ya fremu, tena kwa waya. Mbao nyingine ni nzima na zilipakwa dawa ya mchwa, kwa hiyo suala la kung'oa dari yote tumeliweka kando.

Fundi wa pili alirudi tulipomwita, akapanda juu mwenyewe, na tulipomuuliza kuhusu kona ya mlango alijibu sawasawa na alivyoandika mwenyeji wa Nyali. Yeye pia ataziba paa, kwa hiyo mgogoro wa fedha ya vuli umekwisha. Amekubali tubaki na sehemu ndogo kwa kazi zote mbili. Nimebakiwa na mambo mawili: rafu ya vitabu itakaa vipi, na je, kwa kuwa sisi tunadeki kwa maji mengi kila siku, ukuta huo utadumu au tununue zile bodi za kijani?

FundiDari_Tabata amejibu:

Rafu iamuliwe sasa. Mwambieni ni ukuta upi na kimo gani, naye aweke mbao za kulala za inchi 2 kwa 6 kati ya chaneli katika kimo hicho kabla ya kufunika. Kisha pigeni picha ya fremu ikiwa wazi, futi kamba ikiwa imekunjuliwa kutoka sakafuni ili vipimo visomeke kwenye picha, na muihifadhi. Miaka ijayo atakayetaka kutundika kabati hatatoboa kwa kubahatisha. Rafu ikifungwa kwenye mbao hizo itabeba vitabu. Ikifungwa kwenye bodi tupu kwa plagi za plastiki itabeba picha na saa ya ukutani, basi. Chaneli ya juu nayo ishikwe kwenye mbao za fremu ya dari au kenchi, siyo kwenye bodi ya dari.

Bodi za kijani hustahimili unyevu, si maji, na zinafaa bafuni na jikoni. Kwa chumba cha kulala ni gharama ambayo siioni sababu yake. Kwa kudeki, kinachosaidia ni kuziinua bodi sentimita 1 kutoka sakafuni zinapofungwa, ili karatasi isinyonye maji, kisha nafasi hiyo ijazwe silikoni na kufunikwa kwa vigae vya pembeni mwa sakafu vyenye kimo cha sentimita 10. Chaneli ya chini iwekewe ukanda wa mpira au wa plastiki kati yake na saruji.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: paa kwanza, msubiri mvua moja au mmwagie maji, ndipo dari, na ukuta wa watoto uje mwisho, kwa kuwa chaneli yake ya juu itahitaji mtu kupanda darini tena na hamtaki apite juu ya kiraka kibichi. Msasa ukianza, toeni watoto na magodoro, fungeni mlango kwa nailoni, na anayepiga msasa avae barakoa. Msiruhusu rangi ipakwe siku hiyohiyo. Poda ikiwa bado na maji ina rangi ya kijivu, na hali ya hewa ya Dar es Salaam ikiwa na unyevu inaweza kuchukua siku kadhaa hadi kiungio chote kiwe cheupe sawasawa.